Breki za Shangazi

Chuoni, 3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Najua ungependa nipige simu, lakini kwenye simu wewe hunidakia maneno, mimi nakukatiza, na mwisho tunaishia kuulizana habari za mgongo wa Baba. Jambo hili linataka utulivu. Wanafunzi wameenda kula, nimebaki darasani peke yangu, nakuandikia.

Wiki iliyopita afisa usafiri wa hospitali yenu alikuja hapa. Si unamjua, yule mwenye sauti ya chini mpaka inabidi umsogelee. Alitaka kuyaona mafunzo ya juu ya udereva, haya ninayofundisha mimi: breki za dharura, kukwepa kikwazo cha ghafla, kulirudisha gari linapoteleza. Mkuu wa chuo akamleta uwanjani kwetu, nikalizungusha gari juu ya maji mpaka likasimama likitazama lilikotoka. Wageni wote hupiga makofi hapo. Yeye hakupiga. Akauliza, "Na mtu akishajua haya, anakuwa dereva bora?"

Mkuu akasema bila shaka. Mimi nikasema ndiyo. Akauliza tena, taratibu vilevile, "Mnajuaje?"

Tuliangaliana, mimi na Mkuu, kama watu walioalikwa harusini wakasahau jina la bwana harusi. Shangazi, nimefundisha watu wengi, na sijawahi hata mara moja kumfuata mmoja wao barabarani nione anaendeshaje baada ya kupewa cheti. Nawapa mkono, napiga nao picha, basi. Tangu siku ile swali hilo halinitoki. Nikipiga mswaki liko hapo hapo.

Sasa sikiliza. Afisa atamleta dereva mmoja kwanza. Atamwangalia kwa muda, na akiridhika atawaleta madereva wote wa hospitali, mkataba utasainiwa mwisho wa Juni. Asiporidhika, Mkuu ameshasema wazi kwamba kitengo changu kinafungwa, maana waombaji binafsi siku hizi ni wa kuhesabu, na mimi sijui nitaangukia wapi. Dereva aliyemchagua ni wewe. Nilimwambia kabisa kwamba wewe ni dada wa baba yangu. Akasema vizuri, ndugu hawafichani.

Naomba kitu kimoja tu. Ukishamaliza mafunzo, uniandikie ukweli. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nataka kujua kweli.

Mwanao,
Mdadisi


Nyumbani, 11 Machi

Mdadisi wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikanuna. Mimi nilishika usukani wewe ukiwa unatambaa na kutia udongo mdomoni. Leo unifundishe breki? Haya, kuishi kwingi ni kuona mengi.

Ngoja nikueleze unayemchukua, usije ukasema hukuambiwa. Basi langu linawabeba wauguzi, wafagiaji na watu wa maabara, asubuhi na jioni. Wananiita Bibi Taratibu, na usidhani wananisifu. Macho yangu si mabaya, lakini sijawahi kudai kwamba yanatosha. Kwa hiyo mle ndani tuna desturi yetu: anayeona kitu anasema. "Baiskeli kushoto." "Mama na mtoto, wanataka kuvuka." "Lori linarudi nyuma." Mimi najibu, "Nimemwona," ndipo wananyamaza. Nisipojibu wanarudia kwa nguvu zaidi. Kinara wao ni mkunga, yule rafiki yangu anayekaa kiti cha mbele ubavuni mwangu. Yule mdomo wake haujui likizo. Anaita mpaka kuku. Dereva mgeni akitusikia atadhani ni mnada wa mitumba.

Nitakuja. Kwanza kwa sababu riziki yako imo humo, na mtoto wa kaka yangu hawezi kukosa riziki mimi nikiwa hai na nina leseni. Pili, lile swali la afisa si la kijinga. Nami nataka kujua.

Ila ukinifokea mbele za watu, nitawaambia ulikuwa unalowesha godoro mpaka darasa la tatu.

Shangazi yako


Nyumbani, 14 Aprili

Mwalimu wangu,

Sasa nakuita hivyo kwa heshima, si kwa kejeli. Ulinifokea, nami nikakusamehe.

Sijalala vizuri tangu nitoke huko, kwa furaha. Siku ya kwanza gari lilipozunguka juu ya maji nilimwita mama yangu, Mungu amrehemu, kwa jina lake la utotoni. Siku ya mwisho ni mimi niliyekuomba turudie, ukasema maji yamekwisha. Sijui kama uliona, lakini nilitokwa na machozi. Mtu unakaa na hofu tumboni nusu ya maisha yako, unadhani ni sehemu ya tumbo, kumbe inaondoka.

Uliniomba ukweli, na ukweli ndio huu. Jana mvua ilinyesha. Unaujua ule mteremko wa kwenda hospitali, ambao nilikuwa naushuka nimeuma meno, walio nyuma yangu wakinipigia honi na kunitukana. Jana niliushuka nimelegea kabisa. Nilikuwa najua kwamba likiteleza, nitalirudisha. Tulifika mapema mpaka walinzi wakashangaa. Watu wa maabara wamenibadilisha jina, sasa naitwa Rubani.

Jambo moja dogo. Nimewaomba abiria wapunguze makelele. Kabla sikuona kasoro, lakini sasa, mtu umefuzu, una cheti chenye mhuri, halafu unaitiwa kuku? Nikawaambia mwenye macho haambiwi tazama. Walicheka, wakanyamaza. Mkunga peke yake ndiye kanuna. Anasema cheti kimeniotesha pembe. Atazoea.

Mwambie Mkuu wako asifunge kitengo.

Shangazi yako, Rubani


Chuoni, 22 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikitabasamu mpaka mwenzangu wa dawati la pili akauliza kama nimechumbiwa. Nimefurahi sana. Niliona machozi yako uwanjani, nikajifanya nakusanya koni za kuwekea alama.

Lakini unanijua, siwezi kuacha kitu kikae. Hivi karibuni nilifanya jaribio darasani. Siku ya kwanza ya mafunzo niliwauliza wanafunzi, nani hapa anaendesha vizuri kuliko wengi barabarani? Mikono michache ikainuka, mingine inainuka nusu na kushuka. Siku ya mwisho nikauliza swali lilelile. Iliinuka yote, na mmoja akainua miwili. Wote walicheka, nami nikacheka, kisha nikaenda kukaa ndani ya gari nikafikiri. Hawakuwa wamekaa hapa hata wiki mbili. Kilichokua ni nini hasa, udereva au mkono?

Kwa hiyo nakuuliza, na usiudhike. Kwenye ule mteremko, ulipokuwa umeuma meno, ulikuwa unaona vitu gani ambavyo sasa huna haja ya kuviona? Na hili la abiria kunyamaza limetoka wapi? Nimerudi kwenye madokezo yangu yote, sioni mahali nilipofundisha hivyo. Nilisema macho yatazame mbali na akili itulie. Labda nililisema vibaya.

Msalimie Mkunga. Mwambie mimi ningependa kuitiwa kuku.

Mwanao,
Mdadisi


Nyumbani, 9 Mei

Mwalimu,

Sasa jibu lako hili hapa, lifunge kwa utepe umpelekee afisa, ingawa yeye mwenyewe analo tayari.

Jumanne asubuhi, kwenye ile kona ya ghala la vinywaji, malori yamepanga mstari kama kawaida yake, mkokoteni uliojaa magunia ukachomoka katikati yao mpaka katikati ya njia. Msukumaji aliganda, macho kama mbuzi. Mwanangu, mguu wangu haukuniuliza. Breki mpaka mwisho, usukani kushoto, legeza, rudisha. Kama ulivyosema, neno kwa neno. Gari halikuyumba. Nikausimamisha mlango wangu sambamba na magunia, hata gunia moja halikuguswa.

Watu barabarani walipiga makofi. Mwenye ghala akatoka na kisahani cha chai mkononi kuja kunipa mkono. Habari ikafika hospitali kabla yetu. Afisa aliniita ofisini, akaniinulia sauti kwa mara ya kwanza tangu nimjue, yaani nilimsikia nikiwa nimekaa kitini. Akasema bila mafunzo yale tungekuwa tunazika mtu. Ameandika taarifa.

Basi umekwishajua. Yanasaidia. Kula, lala, wacha kuuliza uliza.

Watu wote wazima. Mkunga yuko mapumzikoni siku hizi.

Shangazi yako


Chuoni, 16 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na pongezi. Afisa amempigia Mkuu. Mkuu ametununulia soda kitengo kizima na kunisifu mbele ya watu, jambo ambalo halijapata kutokea tangu chuo kijengwe. Mkataba mwisho wa Juni. Nimenunua viatu vipya kwa kujiamini.

Najua utasema nimeanza. Ndiyo, nimeanza. Nimeichora ile kona kwenye ubao, malori, ghala, mkokoteni na wewe. Uliniambia zamani kwamba pale unapita kwa gia ya pili, mguu tayari kwenye breki, kwa sababu ya hayo malori. Ukipita kwa mwendo huo, mkokoteni ukitokea, unasimama tu. Huhitaji kukwepa, huhitaji usukani, wala makofi. Sasa ulikuwa na mwendo gani mpaka ukahitaji kila nilichokufundisha?

Na nani aliuona mkokoteni kwanza?

Na Mkunga yuko mapumzikoni kwa nini? Ulipokuwa hapa chuoni ulisema mwaka huu amekwishamaliza likizo yake.

Usijibu kama kwa afisa. Nijibu mimi.

Mwanao,
Mdadisi


Nyumbani, 25 Mei

Mdadisi,

Ukimchunguza sana bata, humli. Mtu nimeokoa roho ya mtu, nimeokoa kazi yako, na badala ya asante naletewa ubao na machoro. Mwendo ulikuwa mwendo wa kawaida. Mkokoteni niliuona mimi, nani mwingine? Mkunga amejikwaa akishuka, ameumia mkono kidogo, atapona. Yeye mwenyewe amewaambia hivyo wakubwa zake.

Vaa viatu vyako. Saini mkataba wako.

Shangazi


Chuoni, 28 Mei

Mama Mkunga,

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa udereva, yule binti wa kaka yake dereva wenu. Tulionana mara moja tu, lakini nimekusikia katika barua zake kiasi kwamba naijua sauti yako.

Nimeambiwa umeumia mkono. Pole sana. Nami nakuomba, kama hutaona vibaya, unieleze ilivyokuwa siku ile kwenye kona ya ghala. Sitafuti wa kulaumiwa. Nafundisha watu wengi, na nahitaji kujua ninawafundisha nini. Usipotaka kujibu, nitaelewa, na hakuna atakayejua kwamba niliuliza.

Wako kwa heshima,
Mwalimu


Hospitali, 6 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo nitakuwa mfupi, jambo ambalo wenzangu wangekuja na viti kulitazama.

Sikujikwaa. Hayo niliyasema mimi, kumfichia shangazi yako, naye alinyamaza nikayasema. Kile kiti changu cha mbele kina mkanda uliokufa kufuli tangu enzi na enzi. Kwa mwendo wake wa zamani hakuna aliyeujali, alikuwa anatubeba kama mayai. Siku ile alifunga breki vizuri sana, sijapata kuona breki kama zile. Gari halikuyumba. Mimi ndiye niliyeyumba. Niliweka mkono mbele, kioo kikanipokea.

Lakini uliuliza nani aliuona mkokoteni kwanza. Niliuona mimi. Niliyaona magurudumu yake chini ya lori, na miguu ya msukumaji, mapema sana, mapema ya kuita mara tatu na kupiga chafya katikati. Na nilinyamaza. Nilikuwa na kinyongo. Nilisema moyoni, si amefuzu, si mwenye macho haambiwi tazama? Ataona mwenyewe. Kwa hiyo ukigawa makosa, na mimi nikatie kipande changu.

Daktari wa mifupa anasema kifundo cha mkono kitapona, ila hakitakunjika kama zamani. Kuzalisha kunataka kifundo. Kwa sasa wameniweka mapokezi, nauliza watu majina na wanakotoka. Wenzangu wakipita mbio kwenda wodini, mimi nainuka, halafu nakaa.

Shangazi yako ananiletea matunda kila jioni, anayamenya yeye mwenyewe, na hatuizungumzii ile kona. Mimi nampenda. Angalia utakavyofanya.

Mkunga


Chuoni, 11 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimemwandikia Mkunga, naye amenijibu kwa mkono wa kushoto. Nakuambia mwenyewe, usije ukaisikia kwa mwingine. Nimejua kuhusu mkanda, kioo, na kifundo chake.

Sijakasirika. Au tuseme, nimekasirika, lakini si na wewe peke yako. Nimeshinda uwanjani nikitazama lile dimbwi la maji ambalo watu wanalipia kuja kuzunguka juu yake. Afisa aliuliza, mnajuaje? Sasa najua kidogo. Nilikufundisha kutoka shimoni. Nimekufundisha vizuri mpaka ukaacha kuliogopa shimo.

Au nimekosea? Huenda ni wewe tu, huenda ni mwezi mmoja wa kichwa kuvimba, na baadaye kinarudi. Huenda wanafunzi wengine wako salama kuliko walivyokuja. Sijui, Shangazi, na ningetoa hivi viatu vipya kujua. Lakini siwezi kumwacha afisa asaini akidhani ile kona ilikuwa ushahidi wa mafunzo yangu, kumbe nusu yake ni ushahidi dhidi yake.

Sitamwambia lolote kabla hujaniambia wewe. Niambie.

Mwanao,
Mdadisi


Nyumbani, 18 Juni

Mwanangu,

Umenikamata. Nimepiga moyo konde, nakuandikia jinsi ilivyokuwa.

Nilikuwa na mwendo. Si wa kichaa, lakini pale kwenye malori sikuwahi kupita hivyo maisha yangu yote. Nilikuwa namweleza muuguzi aliyekaa nyuma yangu jinsi ya kushika usukani, nikijisikia. Mkokoteni niliuona ukiwa tayari mbele yangu. Nilipiga breki, na unajua nilisikia nini kwanza, kabla hata ya kilio cha rafiki yangu? Furaha. Nilisema, nimeweza. Halafu nikageuka, nikaona mkono wake. Hiyo furaha inanichoma mpaka leo kuliko kitu kingine chochote. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nilipoitwa Rubani nikatia maji ndoo nzima.

Nilidanganya kwa ajili yako. Nikasema, mwenzangu keshaumia, tukikosa na mkataba itakuwa hasara juu ya hasara. Nadhani hata yeye alifikiri hivyo.

Sasa nisikilize. Usimwambie afisa. Mimi nimejirudi. Tangu siku ile naendesha kama zamani, taratibu, macho yote yako kazini. Mkanda umetengenezwa. Umekwishapata jibu lako: mtu anavimba, anaumia, anajirudi. Hakuna haja ya kuvunja kazi yako kwa kosa ambalo limekwisha. Wewe huna mume wa kukushika mkono wala mali ya urithi, una hicho kitengo tu. Saini mkataba, kisha uwafundishe wenzangu na hilo la kuvimba. Nakuomba, kama mama.

Shangazi yako


Chuoni, 30 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako ilinitoa machozi, na karibu nikutii. Niliisoma, nikasema amejirudi, basi, na huo ndio ukweli niliokuwa nautafuta, tena ukweli mzuri. Nilikuwa nimeshaandika maneno ya kumwambia Mkuu. Kisha nikajiuliza, mnajuaje? Nikaona aibu kwamba nilikuwa tayari kuamini kwa sababu tu ninataka kuamini.

Kwa hiyo Alhamisi nilikuja huko kwenu na basi la alfajiri, sikukuambia. Nilikwenda kwenye kona ya ghala nikakungoja. Sikujificha. Nilisimama ukingoni kabisa mwa barabara, kati ya malori mawili, mahali ambapo mwenye mkokoteni angesimama akingoja kuvuka. Mlinzi wa ghala aliniuliza kama nimepotea.

Ukaja. Ni kweli umepunguza mwendo, nilifurahi kuliona hilo. Mgongo umenyooka, mikono iko pale pale nilipokufundisha. Ndani abiria walikuwa kimya, wameinamia simu zao. Ulipendeza, Shangazi. Nilijivunia kuwa wewe ni mwanafunzi wangu na ni damu yangu, nikasahau kilichonileta. Nikakupungia mkono. Nikapunga tena, mikono yote miwili. Nikakuita.

Ulinipita karibu kiasi kwamba vumbi la basi liliniingia mdomoni. Hukuniona.

Nililitema vumbi, nikajikung'uta nguo. Kisha nikaenda kwa afisa. Nilimwambia kwamba mafunzo yangu yanamfundisha mtu kutoka kwenye hatari, hilo nina hakika nalo. Lakini sijui kama yanampunguzia kuingia humo, na kwa dereva mmoja ninayempenda yalimwongezea. Akauliza kama ni wewe. Nikasema akuulize mwenyewe, mimi naeleza kazi yangu. Akauliza ningefundisha nini badala yake. Nilisema bado sijui, lakini ningeanza kwa kukaa nao ndani ya magari kwa muda mrefu kabla ya kuwafundisha chochote. Alinishukuru. Hakusaini.

Mkuu hakunipigia kelele, na ningependa angepiga. Kitengo kimefungwa. Kuanzia Jumatatu nafundisha wanaoanza: hii klachi, hii breki, hiki ni kioo. Mshahara umepungua, lakini nimebaki chuoni.

Sikuja kukuangusha. Ukinikasirikia nitavumilia. Nisingeweza kuvumilia siku nyingine, na mtu mwingine amesimama pale.

Mwanao


Nyumbani, 4 Julai

Mwanangu,

Barua yako ilifika jana mchana. Nimejaribu kukukasirikia, nimeshindwa.

Nilikwenda kwa afisa kabla hajaniita. Nikamweleza mwendo, kiti cha mkunga, na jinsi nilivyowanyamazisha watu. Nikaweka funguo mezani. Alizisogeza upande wake, akasema nitakaa karakana mpaka atakapoamua. Sijui ataamua nini, wala sikumwomba. Jioni nilimwambia mkunga kwamba nimeyasema yote. Akaacha kutafuna, akanishika kwa mkono ule mzima.

Kazi yako nimeiharibu mimi, na sina la kusema hapo.

Nilikuandikia kwamba nimejirudi, nawe ulinisoma ukadhani nakufariji. Hapana. Niliamini. Ningeapa mbele ya mtu yeyote kwamba naona kila kitu. Hilo ndilo linalonitisha. Kama si wewe kusimama pale, nani angekuja kuniambia?

Sasa nikuulize kitu, na usinionee huruma. Tangu jana naipita ile kona kichwani mwangu. Alhamisi ile naikumbuka vizuri. Naliona ghala, mlango wake mmoja umefunguliwa. Nayaona malori, moja la bluu, jingine lenye turubai lililochanika. Namwona mlinzi, amesimama anazungumza na mtu. Huyo mtu hana sura. Nakuweka hapo kwa nguvu, nakuambia simama, hukai. Mtoto niliyemfunga kamba za viatu vya shule, nimempita kwa upana wa mlango na akiniita kwa sauti.

Ulivaa nini siku ile, mwanangu? Niambie rangi tu.

Shangazi yako